Sanduku la babu na kihamba cha Kilema: nianzie wapi kuhifadhi?

Mjukuu wa Kilema ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mwezi wa Juni niliondoka Dar es Salaam nikarudi Kilema, Kilimanjaro, kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Marehemu baba alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi yetu Wachagga nyumba ya wazazi ilibaki kwake. Sasa imeniangukia mimi. Nalima migomba, napalilia mibuni ambayo babu aliipanda kwa mkono wake, na ng'ombe wawili wanakula zizini.

Chini ya kitanda cha bibi nimekuta sanduku la bati. Ndani yake mna cheti cha ubatizo kilichoandikwa kwa Kilatini, stakabadhi za kahawa za chama cha ushirika cha KNCU, picha tatu zilizobandikwa kwenye karatasi nene, na sarafu ya Kijerumani ya heller 5 ya mwaka 1914 yenye tundu katikati, ile ile iliyotuachia neno «hela». Kando ya sanduku ilikuwepo kata ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, imepasuka ukingoni na kushonwa kwa uzi. Karatasi zimeanza kuota ukungu, maana huku juu mawingu hushuka hadi mlangoni.

Wapo ndugu wanaotaka nyumba ya zamani ibomolewe tujenge ya matofali, na vitu hivi wanaviona kuwa takataka. Shangazi yangu, ambaye amekaribia miaka tisini, ndiye pekee anayejua waliozikwa kihambani kwa majina yao. Naomba ushauri: nianzie kwenye karatasi, kwenye nyumba, au kwenye mti wa ukoo?

Mtunza Makaratasi amejibu:

Ndugu, anza na karatasi, tena leo, kwani ukungu haungoji. Kabla hujahamisha chochote, piga picha kila kitu kwa simu kikiwa katika mpangilio ulioukuta, kwa sababu mpangilio wenyewe ni ushahidi: cheti kilichokutwa ndani ya bahasha ya stakabadhi za mwaka fulani huenda kiliwekwa humo kwa sababu maalumu. Kisha zitandaze karatasi kivulini, mahali penye hewa, zikauke polepole. Usizianike juani, kwa kuwa jua hufifisha wino na kuzifanya karatasi zikatike kwenye mikunjo. Ukungu uliokwisha kukauka ufagie nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umefunika pua na mdomo.

Nakusihi usizipeleke kwenye duka la vifaa vya ofisi kufunikwa kwa plastiki ya moto, wala usiunge palipochanika kwa selotepu. Nimeona cheti cha ndoa cha wazazi wangu kikiharibika hivyo, gundi ikageuka kahawia na kula maandishi, na hakuna namna ya kuyarudisha. Ondoa pini zenye kutu, weka kila karatasi katika bahasha yake ya karatasi, na maelezo yaandike kwa penseli kwenye bahasha hiyo. Sanduku liinue juu ya matofali, mbali na ukuta, ili unyevu na mchwa visilifikie. Sarafu usiisugue hata kidogo.

Mama wa Marangu amejibu:

Mjukuu wetu, karibu nyumbani. Natofautiana kidogo na aliyetangulia. Karatasi iliyokaa sandukuni miaka sitini itavumilia wiki moja zaidi ikiwa umeikausha, lakini mtu wa miaka tisini hatujui kesho yake. Nenda kwa shangazi kwanza.

Usiende na daftari na kumwuliza, «Babu wa babu aliitwa nani?» Mimi nilimwuliza mama hivyo akanyamaza, nikadhani amesahau. Siku nyingine nilimpelekea chungu chake cha zamani, akaanza kusema mwenyewe hadi jioni. Basi mpelekee ile kata. Halafu mwombe mtembee pamoja kihambani, akuonyeshe kila palipopandwa isale, ule mmea wetu wa kuwekea alama, maana masale hayaoti ovyo: mengine ni mpaka, mengine yanalinda kaburi.

Miaka usimwulize kwa tarakimu. Mwulize nani alikuwa amekwisha kuzaliwa Mangi Mkuu Marealle, kiongozi wa Wachagga, aliposhika uongozi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nani alikuwepo usiku ule wa Desemba 1961 mwenge ulipowashwa kileleni Kibo. Kumbuka pia kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba, na wa pili jina la baba wa mama. Jina moja hurukaruka vizazi, na usipoangalia utamchanganya mtu na babu yake.

Msomaji wa Vitabu vya Parokia amejibu:

Nyongeza fupi. Misheni ya Kilema ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na cheti chako kinaweza kukupeleka mbali. Omba kwa heshima ofisi ya parokia wakutazamie kitabu cha ubatizo, ambamo kwa kawaida huandikwa wazazi na msimamizi. Neno «filius» maana yake ni mwana, na jina la mzazi litakalofuata ndilo unalolitafuta. Stakabadhi nazo zisome upya: KNCU ilianzishwa mwaka 1933, ikirithi nafasi ya KNPA, chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925, kwa hiyo jina la chama lililochapwa juu linakusaidia kukadiria umri wa karatasi isiyo na tarehe.

Mjukuu wa Kilema amerudi:

Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Karatasi zimekauka na zimo kwenye bahasha. Jumapili baada ya misa nilimpelekea shangazi kata. Aliupapasa ule mshono kwa kidole gumba, akasema haikuwa ya babu bali ya mama yake babu, na kwamba aliyeishona ni yeye shangazi alipokuwa msichana, baada ya kuiangusha na kuogopa kuadhibiwa. Kisha akaomba fimbo yake, tukaenda hadi kwenye isale lililo nyuma ya zizi, ambalo mimi nilikuwa nalikatia majani ya kufungia mizigo. Mwenye kata amelala hapo. Nimeliandika jina lake, na ndugu tumekubaliana kwamba nyumba haitaguswa hadi shangazi amalize kutuonyesha makaburi yote.