Ushauri: kompyuta ya kuendeshea CNC ya mbao niweke mfumo endeshi gani?

Fundi_Mninga
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, mwenzenu nimekwama.

Nina karakana Keko, nachonga milango na vitanda. Mashine ni CNC (inachonga yenyewe kwa kuongozwa na kompyuta) ya mihimili mitatu, meza yake futi 4 kwa 8, niliinunua mkononi kwa mtu. Inaendeshwa na programu ya Mach3, waya unatoka kwenye ile poti ya printa yenye pini 25 kwenda kwenye boksi la draiva za mota. Kompyuta ya kwanza ilikufa. Kijana wa duka akaniwekea nyingine yenye Windows 10 ya biti 64. Mach3 ikafunguka, namba kwenye skrini zinakwenda, mashine yenyewe haikutikisika. Tukarudi Windows 7 ya biti 32, ikafanya kazi.

Juzi nachonga mlango wa mninga, saa ya tatu tangu nianze, kijana wangu akachomeka flashi kwenye kompyuta hiyohiyo ili akopi faili la kazi inayofuata. Antivairasi ikaanza kuikagua. Nikasikia mota ya mhimili wa Y imebadili sauti, kama mtu anasaga meno, mara moja tu, halafu kazi ikaendelea. Kuja kuangalia, ua lote la chini limehama milimita 4 kutoka kwenye fremu yake. Na mlango ni wa mteja.

Sasa nibaki Windows 7, nitafute namna ya kutumia 10, au niende Linux kama wengine wanavyosema? Vijana wangu Linux hawajawahi kuiona.

Kerezo_Moja
Pole sana mkuu. Hiyo ya biti 64 usihangaike nayo. Draiva ya poti ya Mach3, yaani kile kiprogramu kinachoongea na poti, ni ya Windows za biti 32 tu. Na usije ukauziwa ule waya wa USB kwenda poti ya printa. Ule unatuma maandishi kwa printa, mapigo ya umeme ya kuzungusha mota hauyawezi.

Mzee_wa_Stepa
Pole fundi. Kabla ya kuchagua Windows au Linux jiulize kwanza: mapigo ya kuzungusha mota anayapiga nani?

Kwako anayapiga kompyuta. Chukua mfano: stepa (mota inayozunguka hatua kwa hatua) ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva imegawanya kila hatua mara 8, hapo ni mapigo 1,600 kwa mzunguko. Kama skrubu yako inasogeza milimita 5 kila ikizunguka, basi milimita moja inataka mapigo 320. Ukikata kwa kasi ya milimita 4,000 kwa dakika, kompyuta inatakiwa ipige zaidi ya mapigo 21,000 kila sekunde, moja kila baada ya maikrosekunde 47 hivi. Windows ya kawaida haikutengenezwa kwa ahadi ya namna hiyo. Mach3 inajipenyeza chini kabisa ya mfumo ili ipate zamu yake, lakini kitu kingine kikishika kompyuta hata kwa milisekunde moja, mapigo kama 20 yanachelewa. Mota iliyokuwa mbioni inakwama, na kwa kuwa stepa hairudishi taarifa, programu inaamini iko palepale. Ile sauti uliyosikia ndiyo hiyo, na zile milimita 4 zimetokea hapo.

Kwa hiyo una njia mbili. Ama uweke mfumo unaotunza muda, yaani LinuxCNC (programu ya kuendesha CNC kwenye Linux) yenye kerneli, kiini cha mfumo, ya muda halisi, ama kazi ya mapigo umpe mtu mwingine, yaani kadi ya nje.

Jua_Kali_254
Niko Kariobangi Light Industries. Mimi sikuhama Windows. Nilinunua kadi ya nje ya kudhibiti mwendo, Ethernet SmoothStepper, inapokea maagizo kwa waya wa mtandao na mapigo inayapiga yenyewe. Mach3 ileile, Windows 10 ya biti 64, na vijana hawakujifunza kitu kipya. Ukiweza, chukua ya waya wa mtandao kuliko ya USB. Spindo (mota inayozungusha kisu) ikiwaka, umeme wake unasumbua sana nyaya za USB.

Ila kompyuta ya mashine ni ya mashine tu, kaka. Zima kulala, zima USB kujipumzisha, na intaneti usiifikishe kabisa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020 na Windows 10 Oktoba 2025, lakini kompyuta isiyoguswa na intaneti wala flashi za watu haisumbuliwi sana na hilo. Kuchora fanyia kwenye mashine nyingine.

Fundi_Mninga
Asanteni sana, sasa naelewa. Skrubu yangu kweli ni ya milimita 5. Hela ya kadi kwa sasa sina, mlango nimeulipa mimi. Linux nitajuaje kama kompyuta hii inaiweza kabla sijafuta kilichomo?

Debian_Karakana
Huna haja ya kufuta. Pakua LinuxCNC, iandike kwenye flashi, washia kompyuta hapo. Fungua jaribio linaloitwa latency-test, kisha itese: fungua madirisha mengi, kopi mafaili makubwa, iache hata saa nzima. Soma ucheleweshaji mkubwa kabisa wa ile nyuzi ya haraka (base thread, ndiyo inayopiga mapigo), uko kwa nanosekunde. Chini ya 20,000 ni safi. 30,000 hadi 50,000 unafanya kazi. Ikipita 100,000, kompyuta hiyo haifai kwa poti. Laptopu nyingi huangukia hapo kwa sababu ya mambo ya kutunza betri.

Kabla ya yote piga picha kurasa zote za mipangilio ya Mach3: mapigo kwa milimita, kasi, pini ipi inafanya nini. LinuxCNC ina StepConf, itakuuliza hayohayo moja baada ya jingine. Ukizipoteza namba hizo utakaa siku mbili unapima kwa rula.

Fundi_Mninga
Nimejaribu usiku huu. Mara ya kwanza imesoma 212,000, nikakata tamaa. Nikaingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) nikazima mambo yote ya kuokoa umeme, nikarudia saa nzima huku nakopi mafaili: 27,400.

Debian_Karakana
Hiyo inatosha kwa mashine yako. Anza na kasi ndogo, kata ubao chakavu wa MDF kwanza.

Mzee_wa_Stepa
Fundi, swali moja kabla hujawasha chochote. Ile swichi nyekundu ya dharura inakata umeme wa draiva na spindo moja kwa moja, au inaiambia kompyuta isimame? Linux au Windows, kompyuta ikiganda haimsikii mtu.

Fundi_Mninga
Nimefungua boksi sasa hivi kuangalia. Nyaya zake mbili zinaishia kwenye ubao wa poti, haikati umeme wowote. Kesho asubuhi namwita fundi umeme, hiyo kwanza.