Mrejesho: Buji na i-gel kwenye gari la wagonjwa

Wadau, niliuliza tubebe nini kwa mgonjwa ambaye laringoskopu (kifaa cha kutazama koo tunapoweka tyubu ya kupumulia) haionyeshi nyuzi za sauti. Mlishauri buji (fimbo nyembamba inayopindika ya kuongoza tyubu) kwanza, i-gel (kifaa cha kupitisha hewa kinachokaa kooni juu ya nyuzi za sauti) iwe karibu. Tumefuata, nawashukuru sana.

Buji imebadilisha kazi yetu. Ukiona epigloti (kifuniko cha bomba la hewa) peke yake, unapitisha buji chini yake, ncha iliyopinda ikitazama juu. Ndani ya bomba la hewa mkono unahisi pingili za gegedu, na mbele inakwama. Kwenye umio inateleza tu. Tyubu inafuata juu yake, laringoskopu ikiwa bado mdomoni (wengi huitoa mapema!). Utafiti wa BEAM, Marekani 2018, kwa njia ngumu za hewa: kwa buji, jaribio la kwanza lilifaulu kwa asilimia 96, dhidi ya 82 kwa tyubu yenye waya wa ndani. Ni idara ya dharura ya hospitali, si barabarani, lakini kwangu inatosha.

Ikishindikana, i-gel mara moja. Utafiti wa AIRWAYS-2 wa Uingereza, kwa waliosimama moyo, haikuona kwamba tyubu inawapa matokeo bora kuliko i-gel.

Laringoskopu ya video itasubiri. Fedha iende kwanza kwenye kapnografia (kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi, kinachothibitisha tyubu iko mahali pake), maana gari letu la pili halina.