Nimepangiwa Msange JKT, mikono ninayo ila mbio sina

Mtoto wa Kibirizi:
Wakuu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita, jina limetoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaani yale mafunzo ya lazima ya wahitimu wa kidato cha sita, kikosi Msange, Tabora. Rafiki yangu kaangukia Bulombora hapa hapa Kigoma, basi ananicheka kutwa nzima. Vifaa karibu vyote nimepata soko la Mwanga: bukta ya bluu ya mpira, fulana ya kijani, shuka za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Raba za kijani hakuna, muuzaji ananishikia za bluu. Kinachoninyima raha ni mchakamchaka. Nyavu za dagaa nimevuta na baba mdogo tangu niko shule ya msingi, kifua kipo, lakini kukimbia kutoka Kibirizi hadi stesheni tu naona nyota. Halafu mama kanikaangia dagaa ndoo nzima, na dumu la mawese juu. Nibebe?

Dada wa Urambo:
Karibu Msange mdogo wangu, nimepita hapo. Chukua hizo za bluu, orodha inaruhusu kijani au bluu. Ila anza kuzivaa leo, na soksi zake, uende nazo sokoni na mwaloni mpaka zilegee. Jirani yangu wa kitanda alifika na raba zimetoka kwenye boksi. Wiki ya kwanza visigino vyote malengelenge, anashuka kitandani kwa kutambaa, na filimbi haimsubiri mtu.

Mbio zisikutishe. Pale hushindani, mnakimbia kombania nzima, yaani kundi lenu lote, mnaimba chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, mwendo ni wa wote. Wanaochoka haraka ni wale wanaofunga mdomo, wanabana pumzi. Kwa hiyo jizoeze alfajiri, polepole, huku unaimba. Ukishindwa kuimba, ujue umezidisha kasi.

Kinachowaangusha makuruta, yaani wanafunzi wapya wa jeshi, ni usingizi. Mmelala, filimbi, nje kuhesabiwa. Mmerudi hangani, bweni la kulala, zamu ya lindo. Sasa wewe wa kukesha na karabai ziwani, usingizi wa vipande vipande si umeuzoea? Hapo umewapita wengi. Na mikono yako itaonekana kwenye fatiki, zile kazi za mikono za kambini: jembe, kuni, ndoo za maji.

Mzee wa Kaliua:
Miezi mitatu mnalalamika! Sisi kabla mujibu haujasitishwa mwaka 1994 ilikuwa mwaka mzima. Haya, nikuambie la maana. Tabora mwezi wa sita mchana vumbi, usiku baridi inauma kuliko huko kwenu ziwani, sweta liwepo. Kama una pumu au dawa unazotumia, sema siku ya kuripoti, usijifanye chuma. Na nauli ya kurudi usiiguse hata ukitamani andazi.

Mtoto wa Kibirizi:
Shikamoo mzee, ahsante. Dada, la lindo limenipa moyo. Na dagaa?

Dada wa Urambo:
Mabegi yanakaguliwa getini, chakula cha nyumbani sisi hakikuingia, simu pia. Beba wa kula kwenye treni, maana Kigoma hadi Tabora ni safari, na behewani hutakosa makuruta wenzio. Gawa. Ukifika Msange tayari una watu wanaokujua. Mawese mwachie mama.

Mtoto wa Kibirizi:
Mama kasoma hapa, kapunguza ndoo hadi nusu. Dumu bado anabisha.