Wimbo wa bendi mtunzi wake nani? Mimi nasema mgao uwe sawa kwa sawa kama walivyofanya Can

Mleta mada:

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kichwani siku nyingi naomba tulijadili bila matusi. Bendi ikikaa ikatengeneza wimbo pamoja, yani hakuna aliyekuja na wimbo kamili kutoka kwake, nani aandikwe mtunzi na nani ale mirabaha, yani hela ya mtunzi kila wimbo unapotumika? Huku kwetu jibu linajulikana, aliyeimba ndo mwenye wimbo, imeisha hiyo. Mimi sikubali, na mfano wangu ni bendi ya Ujerumani inaitwa Can, ya mji wa Cologne, walianza 1968.

Kwa wasiowajua, ni roki ila ile ya majaribio, ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani redio imeharibika. Irmin Schmidt wa kinanda na Holger Czukay wa besi walisoma kwa Stockhausen, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa kisomi, Jaki Liebezeit alitokea kwenye jazi akapiga drams, na Michael Karoli wa gitaa alikuwa kijana aliyefundishwa gitaa na Czukay mwenyewe. Hebu fikiria mwalimu na mwanafunzi wake bendi moja, halafu kwenye albamu wote wameandikwa watunzi, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Mwimbaji wao Damo Suzuki, Mjapani, walimkuta 1970 anaimba mtaani Munich, usiku huohuo akapanda nao stejini, na yeye akaingia kwenye orodha ya watunzi kama wengine.

Sasa angalia walivyokuwa wanafanya kazi. Studio yao ya pale Weilerswist ilikuwa jumba la zamani la sinema, ukutani wamebandika magodoro ya jeshi kuzuia mwangwi, hakuna prodyuza kakaa nyuma ya kioo, wote chumba kimoja wanapiga masaa na masaa huku tepu inazunguka. Na mashine yenyewe ya treki mbili tu, yani njia mbili tu za kurekodia sauti. Treki mbili jamani! Drams, besi, gitaa, kinanda na sauti ya mtu vyote vinaingia humo kwa mpigo mmoja, huwezi kuja kesho ukamtoa mpiga gitaa ukabakiza wengine. Kama mashine imeshindwa kuwatenganisha, karatasi ya hakimiliki itawatenganisha kwa kipimo gani?

Linaniuma kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa napiga solo kwenye bendi moja ya hotelini, siku hiyo mazoezi yamesimama umeme umekatika, mimi nimekaa juu ya spika nachezea gitaa kavukavu, kuna kipande cha noti sita nikawa nakirudiarudia, mwimbaji akasogea akaanza kuguna juu yake, mpiga tumba naye akadaka. Umeme uliporudi wimbo upo. Miezi mitatu baadae nasikia umesajiliwa kwa jina moja, la mwimbaji. Nilipomuuliza akaniambia "kaka, maneno si yangu?" Ni kweli maneno yake, ila watu wakiwa kwenye bodaboda wanachoimba kwa mdomo ni zile noti sita.

Mchangiaji wa kwanza:

Pole sana mkuu, ila naomba nitofautiane na wewe kuhusu hao Can. Mfano wako unakupinga mwenyewe. Unasema walipiga masaa na masaa, sawa, nani aliyegeuza hayo masaa yakawa nyimbo? Ni Czukay na wembe wake. Alikuwa anakata tepu, anaunga kipande cha saa hii na cha saa ile, wale wengine wameshakwenda zao kulala. Kwenye albamu yao Tago Mago ya 1971 kuna wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, dakika zaidi ya 18, sasa mtu aliyekaa na ile kazi ya kuunganisha unampa fungu sawa na aliyepiga akaondoka? Hiyo sio haki, huo ni upole. Mwenye kupika na mwenye kuleta kuni hawali sawa.

Mpiga drams:

Naunga mkono hoja ya mleta mada. Mkuu hapo juu, huyo Czukay angekata nini kama Liebezeit hajapiga? Tafuta huo huo wimbo wa dakika 18 usikilize drams peke yake, yule mzee anarudia pigo lilelile bila kuyumba mpaka unajiuliza kama ni mtu au mashine, na ndo maana Czukay aliweza kuunga vipande vikashikana, angekuwa anakimbia na kupunguza mwendo kama wengi wetu usingepata pa kuunga hata sehemu moja. Wimbo umekaa juu ya mgongo wake. Lakini kwenye kusajili nyimbo sisi wa drams mara nyingi hatuhesabiwi, wanahesabu maneno na melodi. Hata huku kwetu kwenye dansi, redioni tulizoea kusikia jina la bendi na la mtunzi, mpiga drams ukimtaka ukamuulize mkewe.

Mchangiaji wa tatu:

Kuna kesi ya Uingereza inahusu hili moja kwa moja. Bendi ya Procol Harum walitoa wimbo A Whiter Shade of Pale mwaka 1967, ule wimbo unaoanza na ogani ambayo kila mtu anaijua. Aliyepiga na kuibuni ile ogani ni Matthew Fisher, hakuandikwa mtunzi. Kaenda mahakamani 2005, miaka 38 imepita! 2006 jaji akampa asilimia 40, 2008 mahakama ya rufaa ikasema kweli ni mtunzi ila kwa kuchelewa hapati hela, 2009 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa kule wakati huo, wakamrudishia haki yake. Kwahiyo mleta mada noti zako sita zina thamani, ila usingoje miaka 38.

Ila swali kwako. Mgao sawa uliwasaidia nini Can? Suzuki aliondoka 1973. 1977 kaletwa mpiga besi mwingine, Rosko Gee, Czukay akabaki kuingiza sauti za maredio na matepu mpaka naye akatoka. Sawa kwa sawa yao haikuzuia kitu.

Mleta mada:

Asanteni wakuu nimewasoma wote. Nianze na wewe wa mwisho. Mimi sijasema mgao sawa unazuia watu kuachana, watu wataachana tu. Nasema unazuia ile tabia ya mtu kuficha kitu kizuri kichwani anangoja aende nacho nyumbani kikawe chake. Wimbo wao Spoon ulipigwa kwenye tamthilia ya televisheni, mwaka 1972 ukaingia kumi bora Ujerumani, hela ikaja, na hakukuwa na wa kumnunia mwenzake kwamba hii hela yangu. Bendi ya R.E.M. ya Marekani nao waliandika majina ya wote wanne, wamedumu toka 1980 mpaka 2011.

Kwa mkuu wa wembe, hapo umenigusa na nakubali nusu. Kazi ya kukata na kuunga ni kazi, ilipwe, ila ilipwe kama kazi ya studio kwa makubaliano yake pembeni, utunzi ubaki wa wote. Hayo ya kuni nayakataa, pale hakukuwa na wa kuni, wote walikuwa jikoni.

Na mimi sijaishia kulalamika. Bendi niliyopo sasa hivi tuko watano, wiki iliyopita kabla hatujawasha hata spika nilitoa karatasi, majina matano, kila wimbo utakaozaliwa mazoezini asilimia 20 kila mmoja, mtu akija na wimbo wake kamili tunaongea upya. Waimbaji wawili walisoma mara mbili mbili ndo wakasaini. Kijana wa drams alishika kalamu muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "bro, na mimi nimo?"