Mwalimu wa sataranji: tumlipe bingwa au mvumilivu?

Mtoa mada, Mji Mkongwe
Assalaam alaykum. Hili tumelibishania barazani wiki mbili, halijesha. Wazazi tumechangishana watoto wafunzwe sataranji kila Jumamosi. Wenzangu wanataka tumlete kijana kutoka Dar, mchezaji hasa, hashikiki. Mie nasema kwa watoto wanaoanza hizo ni pesa za kutupa baharini.

Alishakuja siku moja kujaribiwa. Watoto 12, mbao sita. Akaanza na ufunguzi wa Sicilian, hatua 10 za mwanzo wa mchezo, za kukariri. Mwanangu wa miaka 8 akazikariri zote, hatua ya 11 akampeleka malkia mbele ya farasi, akaliwa. Kijana akacheka: "Si iko wazi hiyo?" Iko wazi kwake! Keshasahau kutoona kukoje.

Hapa mtaani tunaye mwalimu wa skuli ambaye hata mie namfunga. Mtoto akinyoosha mkono, humshika: "Ngoja kwanza. Mwenzio anataka nini?" Basi, swali hilo hilo kutwa nzima. Malkia wa kutupa ovyo wamepungua. Na Robert Katende, mwalimu wa sataranji wa Katwe, Kampala, alikuwa bingwa wa wapi? Phiona Mutesi, mchezaji wa Uganda anayejulikana duniani, katoka mikononi mwake.

Mpemba wa Wete
Yakhe, kwa wadogo nakuunga mkono. Ila usitufungie mlango sie tuliokwisha vuka huko. Mie nilikwama miaka mitano nikidhani nashindwa kwa sababu sijui funguzi. Mtu anayejua kweli akanitaka michezo 10 niliyofungwa, akaipitia kimya. Saba kati ya hiyo nilikuwa sawa sawa mpaka kete zikapungua, zikabaki ngome na askari wachache, hapo nikawa kipofu. Mvumilivu wako angeniona wapi? Angenisifu tu. Kasparov, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliingia skuli ya sataranji ya Botvinnik mwaka 1973 akiwa na miaka 10, na Botvinnik mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa dunia, si mwalimu wa kushika mikono.

Mla kahawa, Ng'ambo
Kasparov alipofika hapo alikuwa keshapikwa, bwana, usituchanganye. Halafu Dvoretsky, yule mwalimu wa Kirusi, je? Hakupata cheo cha juu kabisa cha uchezaji, na magwiji walimfuata awafunze. Yusupov, mmoja wa magwiji hao, alianza naye kijana. Kwa hiyo hata huko juu ubingwa wa mwalimu si sharti, sharti ni jicho.

Na sisi kwenye bao nani alitufunza? Tulisimama nyuma ya wazee, ukitia neno unafukuzwa. Kunamua, kule kuingiza kete za akiba mwanzoni, nilikuona kwa macho. Kuhesabu mtaji, yaani hatua ya kula kete za mwenzio, nilikujua siku mzee mmoja alipokubali kukaa na mie, akanifunga mara nne, na kila mara akairudisha kete pale nilipokosea.

Mtoa mada
Huyo mzee ndiye ninayemtafuta! Haya, kijana wa Dar aje akae na wale watatu wakubwa, na michezo waliyofungwa waje nayo imeandikwa. Wadogo hawagusi. Sasa semeni, nauli ya boti analipa nani?