Nifundisheje wanafunzi wa tamaduni tofauti kuelewana? Naomba ushauri

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mwalimu wa lugha, sekondari. Darasa langu la mwaka huu lina wanafunzi 38, na karibu theluthi yao wanatoka familia zilizohamia kutoka nchi nyingine. Kazi za makundi zimenishinda. Wapo wanaodakia mwenzao kabla hajamaliza, wapo wanaokaa kimya mpaka waulizwe, halafu kila upande unakuja kunishtakia: wale hawana adabu, hawa wanajisikia.

Mwezi uliopita niliandaa kipindi kizima cha "watu wa nchi fulani wana tabia hizi na hizi". Wiki iliyofuata nikamsikia kijana akimwambia binti mmoja, "Ninyi si ndio msiosema mambo waziwazi? Mwalimu katufundisha." Yule binti hakufungua mdomo tena siku ile. Imeniuma sana, maana maneno yale yalitoka kwangu.

Nifundisheje jambo hili bila kuwapa vibandiko vya kubandikana? Natanguliza shukrani.

Zamu ya Pili
Pole Mwalimu. Achana na orodha kabisa. Orodha inamwambia mtoto mwenzake ni nani kabla hajamsikiliza.

Mimi huanza na kipande cha video kisicho na sauti. Waandike walichokiona tu. "Ana kiburi" hawakukiona, hiyo ni tafsiri yao; walichokiona ni kwamba hakumtazama anayeongea. Kisha kila mmoja atafute sababu tatu tofauti zinazoweza kueleza alichokiona. Mwanzoni utachoka, kila sentensi itakuja na hukumu ndani yake. Wewe mrudishe kwa swali lile lile: umeona nini?

Isimu Kwanza
Naunga mkono, na kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Mwanaisimu John Gumperz aliwachunguza wanawake wa kutoka India na Pakistani waliokuwa wakigawa chakula kwenye mkahawa wa wafanyakazi wa uwanja mkubwa wa ndege Uingereza. Wasimamizi na wateja waliwaona wakali, nao waliona wanabaguliwa. Yaliporekodiwa mazungumzo, ikaonekana kuwa hata neno moja tu lilitosha kuzua ugomvi. Mgawaji Mwingereza akitaka kujua kama mteja anataka mchuzi, alisema "Mchuzi?" kwa sauti inayopanda. Wanawake wale walitamka neno hilo hilo kwa sauti inayoshuka, na kwao huko ndiko kuuliza kwa kawaida. Mteja akasikia kama anaambiwa: mchuzi ndio huu, ukitaka chukua.

Waliposikilizishwa rekodi, mwanzoni hawakuona tofauti yoyote. Walipoelezwa ndipo wakaelewa kwa nini walikuwa wakikunjiwa uso, na wasimamizi nao wakajua kuwa ile haikuwa jeuri. Kilichonigusa mimi ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na kitu cha kujifunza.

Kwa hiyo rekodi mjadala wa kundi kwa dakika tano, kwa ridhaa yao, mwusikilize pamoja. Anayedakia anaweza kukwambia alikuwa anaonyesha kwamba yuko pamoja na mwenzake. Aliyekuwa kimya atakwambia alikuwa anasubiri nafasi ambayo haikuja.

Mama Ubao
Kuhusu kimya, mwanangu, jiangalie na wewe. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima darasani miaka ya 1970 akakuta walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walishiriki. Hesabu kimoyomoyo kabla ya kumtaja mtu.

Na uwachezeshe Barnga, mchezo wa karata wa Sivasailam Thiagarajan. Kila meza ina karatasi yake ya kanuni, zinatofautiana kidogo bila wao kujua: meza hii karata fulani ndiyo kubwa, ile ndiyo ndogo, turufu nazo si moja. Wakishazizoea, kusanya karatasi, piga marufuku kuongea, kisha washindi wahamie meza nyingine. Utaona nyuso! Lakini tenga muda mrefu wa mazungumzo baadaye, wasibaki na hasira.

Njia Panda
Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Si kila kitu ni utamaduni. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekaa kimya miezi mitatu, nikajiambia ndivyo walivyo kwao. Kumbe alikuwa anaonewa njiani. Sijajisamehe mpaka leo. Mwalimu, kabla ya video na karata, umeongea na yule binti?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Njia Panda, swali lako lilininyima usingizi. Leo asubuhi nimemwita pembeni nikamwomba radhi. Nilidhani ameumia kwa sababu nimeisema vibaya nchi yao. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sijawahi hata kufika huko. Nimezaliwa hapa." Kisha akaeleza kwamba kwenye kundi huwa ana la kusema, ila kila akivuta pumzi aanze, mtu mwingine ameshaanza.

Nimemwuliza kama yuko tayari kundi lake liwe la kwanza kurekodiwa. Amesema atafikiria. Namsubiri.