Mnabeti mechi yangu ya Gwent, mnanipokonya pedi ya kuchezea, halafu mnaniambia nianze upya? Mabanda ya gemu Kigoma mmezidi

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitazificha. Niko Kigoma mjini na jambo lenyewe limetokea kwenye banda moja la gemu maeneo ya Mwanga. Jina la banda silitaji. Mwenye banda anajijua, mhudumu wake anajijua, na wale vijana waliokula hela siku ile wanajijua vizuri zaidi.

Kwa wasiolijua gemu lenyewe: ni The Witcher 3: Wild Hunt, lilitoka 2015, limetengenezwa Poland. Unamwendesha Geralt, mwindaji wa mazimwi anayefanya kazi kwa malipo, katika nchi iliyo vitani. Humo ndani kuna mchezo wa karata unaitwa Gwent. Unacheza na wenye maduka, wahunzi, wenye nyumba za wageni, karibu kila mfanyabiashara unayemkuta njiani. Ukifika mji wa Novigrad kuna misheni ya pembeni ya mashindano makubwa ya Gwent, yanafanyika Passiflora, danguro la matajiri. Kiingilio krauni 1000, hela ya humo ndani ya gemu. Wapinzani wanne: Bernard Tulle, Sasha, Finneas, na wa mwisho Count Tybalt. Ukipoteza mechi moja tu umetoka, misheni inaandikwa imeshindikana, na mchezo huo unaumaliza bila kuipata tena.

Sheria hiyo siilalamikii hata kidogo. Ni sheria nzuri, ndiyo inayokufanya mkono ukulowe jasho. Kila aliyeketi kwenye ile meza ametoa kiingilio kilekile, na hakuna anayekurukia mgongoni kukubonyezea kitufe. Haki iliyoko kwenye danguro la Novigrad sikuipata Mwanga.

Niwaeleze hali yangu kidogo. Mimi kibarua changu kiko mwaloni Kibirizi. Konsoli sina, na hata ningekuwa nayo, bando la kushusha gemu kubwa namna ile si la mtu wa kipato changu. Kwa hiyo nacheza bandani, saa moja buku. Wenzangu wengi bandani wanacheza mpira, mechi moja jero, wanamaliza wanaondoka. Mtu wa gemu la hadithi kama hili anahitaji kitu kimoja ambacho mtu wa mpira hakihitaji: sevu yake, yaani pale gemu lilipohifadhiwa alipoishia, iwepo kesho akirudi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, hela iliyeyuka mwaloni pale, nikaacha kabisa kwenda. Kabla sijaacha nilimwomba mhudumu sevu yangu isiguswe. Akasema, "Braza, hiyo iko salama." Niliporudi niliikuta, nikamshukuru, nikaendelea.

Sasa Gwent hainunuliki kwa papara. Unaanza na rundo la karata dhaifu. Unazunguka jimbo la Velen na mji wa Novigrad unawashinda watu unachukua karata zao moja moja, nyingine unanunua kwa wenye nyumba za wageni. Mimi nachezea jeshi la Kaskazini, ambalo ukishinda raundi unaongezewa karata. Nilijenga rundo langu kwa majasusi na matabibu. Jasusi unamweka upande wa adui, anampa adui pointi, lakini wewe unavuta karata mbili. Tabibu anamfufua askari aliyekwisha kufa. Wanaojua wanajua: mshindi wa Gwent ni yule anayebaki na karata mkononi mwenzake akiwa amekaukiwa. Mechi ni raundi tatu, anayechukua mbili ndiye mshindi, na karata ulizopewa mwanzo, kumi tu, ndizo za mechi nzima, ukiacha hizo za nyongeza. Kwa hiyo mara nyingi raundi ya kwanza unaiachia kwa makusudi. Unamwaga majasusi, unavuta karata, adui anajiona mbabe anatumia silaha zake, wewe unapasi, yaani unaacha kuweka karata raundi hiyo.

Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Nilipomfunga Tulle, vijana wawili watatu walisogea kuangalia. Hakuna ubaya, watu huangalia. Nilipomfunga Sasha nikasikia nyuma yangu, "Jero kwa huyu jamaa." Nikadhani wanaongelea mpira wa skrini ya pili. Kwa Finneas mhudumu mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika hela za watu mkononi, anatangaza, nani anaweka kwa Geralt nani anaweka kwa kompyuta, na kila dau anakata chake. Niligeuka nikamwambia wazi mbele ya wote: mimi sijakubali mechi yangu kuchezewa kamari, acheni. Akanijibu, "Wewe cheza braza, hayakuhusu."

Hayanihusu! Pedi iko mkononi mwangu, muda ni wa hela yangu, rundo la karata nimelijenga mimi, halafu hayanihusu.

Fainali na Tybalt ikaanza. Raundi ya kwanza nikaiachia kama kawaida. Zikaanza kelele. Walioweka hela kwangu wakasema nimeuza mechi, mmoja akanipiga begani, "Unatuuza wewe!" Raundi ya pili nikachukua, wakanyamaza. Raundi ya tatu Tybalt akamaliza karata zake zote akiwa mbele yangu kwa pointi 30. Mezani nilikuwa na karata moja ya mtambo wa kurusha mawe, nguvu 8. Mkononi nimebakiwa na mtambo wa pili na karata ya baragumu ya kamanda.

Pigeni hesabu wenyewe. Mitambo hiyo ikikaa miwili pamoja, kila mmoja unapanda kutoka 8 kuwa 16, jumla 32. Ukiweka baragumu kwenye safu yao inazidishwa mara mbili, 64. Kutoka 8 hadi 64 ni nyongeza ya 56, na mimi nilidaiwa 30. Adui hana karata, hana la kufanya, kompyuta imekwisha. Ilibaki kuweka karata mbili mezani, basi.

Kijana mmoja aliyekuwa ameweka hela upande wa Tybalt alikuwa anaijua Gwent, aliziona karata zangu kwenye skrini kama nilivyoziona mimi. Akaja juu ya bega langu, akashika pedi na vidole vyangu pamoja, akakandamiza kitufe cha kupasi mpaka kikakubali. Raundi ikafungwa, Tybalt akatangazwa mshindi, na maandishi ya misheni kushindikana yakatokea. Kabla sijasimama, hela zilishagawanywa. Mhudumu alilipa. Aliona kilichofanyika, na akalipa!

Nikasema sawa, hasira pembeni, nina sevu niliyoiweka mlangoni kabla ya kulipa kiingilio. Nafungua orodha, haipo. Mhudumu alikuwa amemruhusu mteja mwingine aanze gemu lilelile kwenye akaunti ileile, na huyo ameandika juu ya ile yangu. Zilizobaki ni zile gemu linazojiwekea lenyewe, zote za baada ya kushindwa, na moja ya zamani niko bado Velen, Baron, bwana wa huko, sijamalizana naye. Yaani Novigrad yote imekwenda, na karata zote nilizozipata huko zimekwenda.

Wakuu, mtu akikuambia "ni gemu tu" muulize kama buku lililolipia gemu hilo lilikuwa la kuchora. Nabeba magunia ya dagaa. Kila saa niliyokaa mbele ya ile skrini nimeilipa kwa mgongo wangu, na nimeilipa kabla ya kucheza, kwa sababu bandani hukopeshwi hata dakika tano.

Nikaenda kwa mwenye banda, mtu mzima, nikamwamkia kwa heshima nikamweleza. Akanisikiliza akiwa anahesabu hela, kisha akasema, "Kijana, si ulikuwa unacheza kamari mwenyewe humo kwenye gemu? Unalalamikia nini wenzako wakicheza?"

Neno hilo ndilo lililonileta hapa, kwa sababu naona wengi mtalirudia. Basi nijibu.

Krauni za Geralt si hela ya mtu. Hazitoki kwenye mfuko wa mama yeyote wa Gungu wala Katubuka. Geralt akipoteza 1000 anakwenda kuua zimwi jingine, hakuna mtoto anayelala bila kula. Jero na buku zilizokuwa mkononi mwa mhudumu wako, mzee wangu, ni hela. Kati ya waliozitoa kulikuwa na dogo amevaa sare ya shule, mchana, siku ya masomo. Nimemwona kwa macho yangu. Gemu lenyewe Ulaya limewekewa alama ya miaka 18, kwa hiyo hata kuketi kuangalia Passiflora hakupaswa, achilia mbali kuweka dau.

Na sheria ipo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya 2003, ikaunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na anayechezesha watu kwa hela anatakiwa awe na leseni. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Leseni ya kuonyesha mpira na kukodisha pedi, kama unayo, haikupi ruhusa ya kumfanya mhudumu wako awe mpokeaji wa madau ya mechi za wateja. Makampuni ya kubeti yanalipa kodi na yanakaguliwa, wewe unakata chako kimyakimya kwenye mgongo wa mtu aliyekulipa saa nzima.

Halafu angalieni ubaya wake kwa mchezo wenyewe. Hela ikishawekwa juu ya mechi yangu, kila aliye nyuma yangu ana sababu ya kutaka nicheze anavyotaka yeye. Nikiachia raundi kwa akili, ni msaliti. Nikifikiri sana, napoteza muda wao. Nikiwa karibu kushinda, nusu ya banda ni adui zangu na wako umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye pedi. Sasa hivi vijana wa mpira wanalalamika kitu hichohicho, mtu anafungwa goli kwa sababu kuna aliyezima skrini. Tumezoea tukaona ni utani wa bandani. Wanaokula hela hawatanii.

Ninachotaka ni kidogo. Mwenye banda anirudishie saa zangu za kutoka Velen hadi Passiflora, nizicheze bila kulipa, hata kama ni asubuhi wakati hakuna wateja. Kila mteja wa gemu la hadithi afunguliwe akaunti yake kwenye konsoli, jambo ambalo halina gharama, PS4 inakubali watumiaji wengi. Na mhudumu aache kushika hela za madau. Akikataa, nitakwenda kwanza serikali ya mtaa, na suala la dogo mwenye sare nitalifikisha shuleni kwao mwenyewe.

NYONGEZA: Kuna anayesema ningecheza kwa kupunguza ugumu. Mkuu, ugumu wa Gwent haukuwa tatizo langu, nilikuwa nashinda. Soma tena.

NYONGEZA 2: Wa Tabora unayesema huko kwenu kuna banda wameandika ukutani "marufuku kubeti hapa" na mwenye banda anafukuza watu kweli, asante, tuma picha ya huo ukuta hapa uzini, nataka mzee wetu aione. Na wewe wa Ujiji uliyesema una PS4 nyumbani na hili gemu unalo, nimekutumia ujumbe, nitalipia umeme.

NYONGEZA 3: Mhudumu amejiunga humu leo na jina jipya, anasema niliipoteza mechi "kihalali". Sema basi mbele ya wadau: nani alikandamiza kile kitufe, na wewe ulimlipa shilingi ngapi?